Ubeti Kando ya Tawi: Chapa za Mbao za Kijapani za Ndege na Mimea kama Matini ya Fasihi

Utangulizi

Katika mijadala ya sanaa ya Japani, chapa za mbao zinazosifiwa zaidi ni zile za mandhari, za waigizaji wa jukwaani na za wanawake wa mitaa ya anasa. Wimbi kubwa la Katsushika Hokusai linajulikana hata na watu wasiolijua jina la mchoraji wake. Chapa za ndege na mimea, ambazo Wajapani huziita kacho-ga, hutajwa baadaye, tena kwa sifa inayozipunguzia hadhi: kwamba ni nzuri, zinatuliza macho na zinafaa kupamba ukuta. Makala haya yanaupinga mtazamo huo. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kacho-ga, katika ubora wake, ni utanzu wa fasihi kadiri ulivyo utanzu wa uchoraji. Ulilelewa na ushairi, ukakomaa ukiwa na ushairi ndani ya fremu yake, na ushairi ulipoondoka, kilipotea kitu ambacho uzuri wa rangi haukuweza kukifidia.

Jina lenyewe limeundwa kwa herufi tatu za asili ya Kichina. Ka ni ua, cho ni ndege na ga ni picha. Uchoraji wa namna hii ulitoka China, ambako ulikuwa umestawi tangu enzi ya Song, lakini Wajapani waliupanua wigo wake. Chini ya jina hilo huingia pia wadudu, samaki, vyura, nyasi na hata wanyama wadogo. Kwa hiyo ‘ndege na ua’ ni jina la utanzu, si orodha ya vilivyomo.

Jozi na Kaida Zake

Mgeni anayezitazama chapa hizi kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mchoraji alitoka nje asubuhi, akamwona ndege juu ya tawi, akamchora. Sivyo. Ndege yupi akae juu ya mti upi ni jambo lililoamuliwa na washairi karne nyingi kabla ya wachoraji wa Edo kuzaliwa. Methali ya Kiswahili huwakutanisha ndege kwa rangi zao na kuwarusha pamoja. Mapokeo ya Kijapani humwoza ndege kwa mti, na ndoa hiyo haivunjwi ovyo. Shomoro ni wa mwanzi. Korongo ni wa msonobari. Mbayuwayu ni wa yanagi, mti wa kandokando ya maji wenye matawi yanayoning'inia kama nywele zilizofumuliwa. Bata bukini wa mwituni ni wa matete na mwezi wa majira ya mapukutiko.

Mshairi Fujiwara no Teika, aliyeishi kati ya mwaka 1162 na 1241, alitunga mwanzoni mwa karne ya 13 mfululizo wa mashairi uliopangwa kwa miezi kumi na miwili, kila mwezi ukipewa ua lake na ndege wake. Mpangilio huo haukuishia vitabuni. Wachoraji waliufuata, na mwaka 1702 mfinyanzi Ogata Kenzan aliuweka kwenye visahani: upande mmoja picha, upande wa pili shairi. Mantiki hiyohiyo ya mwezi na mmea wake inaonekana katika karata za Kijapani ziitwazo hanafuda, zenye karata 48 zilizogawanywa katika miezi 12, ambapo korongo angali kwenye msonobari na mbayuwayu angali kwenye yanagi. (Kampuni ya Nintendo, inayojulikana leo kwa michezo ya video, ilianzishwa Kyoto mwaka 1889 ili kutengeneza karata hizo.)

Jozi maarufu kuliko zote ni ya uguisu na mplamu. Uguisu ni ndege mdogo wa rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, ambaye wimbo wake huhesabiwa kuwa tangazo la machipuko. Nao mplamu huchanua mapema, wakati theluji haijayeyuka kabisa. Ajabu ni kwamba anayeonekana mara kwa mara kwenye maua ya mplamu akinyonya nekta si uguisu. Huyo ni mejiro, ndege wa jamii ya wale wadogo wenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambao wanapatikana Kenya pia. Uguisu mwenyewe hupenda kujificha vichakani. Kila mkulima wa Japani aliyekuwa na macho aliweza kuliona hilo, na bado washairi na wachoraji waliendelea kumweka uguisu juu ya mplamu. Kaida ilishinda maumbile. Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hana haja ya kushangaa. Waridi na asumini za mashairi ya mapenzi ya pwani nazo hazikutungwa ili zimfundishe mtu kilimo cha maua.

Hototogisu, ndege wa jamii ya kekeo, anastahili maelezo zaidi. Katika ushairi wa kale wa Kijapani, watu hukesha usiku kucha wakisubiri kuisikia sauti yake ya kwanza ya kiangazi. Ni ndege wa kiu ya moyo, na pia ni ndege wa mauti: husemekana kwamba hulia hadi akatema damu, na kwamba hupita katika mlima ambao roho za wafu huuvuka. Ndiyo maana mara nyingi huchorwa akiruka, mvua au mwezi ukiwa nyuma yake. Kumwona hototogisu na kuona ‘ndege tu’ ni sawa na kumsikia bundi akilia juu ya paa katika tenzi na kuona ‘ndege tu’. Jambo linalopendeza ni kwamba spishi hii si ngeni kabisa kwa Afrika Mashariki. Baadhi ya ndege wa spishi hiyohiyo huvuka bahari na kuipitisha miezi ya baridi ya Asia upande huu, pwani ya Kenya ikiwamo. Hapa, hata hivyo, anapita bila shairi, na wengi hawatambui kwamba amepita.

Mikono Minne

Namna chapa hizi zilivyotengenezwa ndiyo iliyoruhusu picha na shairi kukaa pamoja, hivyo inafaa ielezwe kabla ya kuzisoma chapa zenyewe. Chapa ya Edo haikuwa kazi ya mtu mmoja. Mchapishaji alitoa fedha na kuchagua mada. Mchoraji alichora kwa wino mweusi juu ya karatasi nyembamba. Mchongaji aliubandika mchoro huo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa mwituni, akachonga kuifuata mistari, na katika kuchonga huko mchoro wa asili ukaangamia. Mwisho, mchapaji aliupaka ubao rangi ya maji, akalaza karatasi juu yake, akaisugua kwa kifaa bapa cha mviringo kiitwacho baren, kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Kila rangi ilihitaji uso wake wa ubao. Alama mbili ndogo zilizochongwa ukingoni mwa kila ubao, ziitwazo kento, ndizo zilizoihakikishia karatasi kulala mahali palepale kila mara. Karatasi nayo ilitengenezwa kwa nyuzi za kozo, mti wa jamii ya mforosadi, ili isichanike kwa kusuguliwa mara kumi au zaidi. Ufundi huu wa rangi nyingi ulikamilika mjini Edo, yaani Tokyo ya leo, mwaka 1765, na msanii anayehusishwa nao zaidi ni Suzuki Harunobu.

Baadhi ya mbinu za wachapaji zilikuwa kana kwamba zimebuniwa kwa ajili ya ndege. Ubao usiopakwa rangi yoyote uliweza kukandamizwa kwenye karatasi hadi ukaacha mikunjo ya manyoya. Yange mweupe wa namna hiyo hana rangi hata chembe: weupe wake ni karatasi, na manyoya yake ni kivuli cha mikunjo. Anayemtazama katika kitabu kilichopigwa picha hamwoni vizuri. Chapa yenyewe huinamishwa kwenye mwanga ndipo ndege ajitokeze. Mbinu nyingine, bokashi, ilikuwa ya kuifuta rangi kwa kitambaa juu ya ubao ili ififie polepole, kama anga inavyofifia kuelekea upeo.

Lakini lililo muhimu zaidi kwa hoja hii ni maandishi. Katika Ulaya ya wakati huo, maneno ya kitabu yalipangwa kwa herufi za chuma na picha ikatengenezwa mbali. Katika chapa ya Edo, mwandiko wa brashi ulichongwa katika mbao zilezile za picha. Kwa mchongaji, mkia wa herufi na unyoya wa mkia wa ndege ni mistari ya aina moja, inayodai kisu kilekile na pumzi ileile. Shairi halikuongezwa kando ya picha baada ya kazi kwisha. Lilipangiwa nafasi tangu mwanzo, na mara nyingi tawi hupinda ili kulipisha.

Utamaro na Utani wa Washairi

Kitagawa Utamaro anakumbukwa kwa picha za wanawake, lakini jina lake lilianza kuvuma kwa wadudu, ndege na makombe. Mwaka 1788 mchapishaji Tsutaya Juzaburo alitoa kitabu chake cha wadudu, Ehon mushi erami, na takriban mwaka 1790 kikafuata kitabu cha ndege, Momo chidori. Vyote viwili ni diwani za kyoka, shairi la kichekesho lenye mizani 31. Vyama vya washairi wa kyoka viliwakutanisha samurai na wafanyabiashara chini ya majina ya bandia yenye mzaha. Aliyeyateua mashairi ya kitabu cha wadudu alikuwa mwenye nyumba ya wageni, naye akajiita Yadoya no Meshimori, jina linalokaribia kusema ‘mpakua wali wa nyumba ya wageni’.

Kila picha ina viumbe wawili na mashairi mawili, na dhamira ni mapenzi. Mdudu au ndege hugeuzwa kuwa jazanda ya mpenzi anayengoja, anayedanganya, anayejificha au anayeng'ang'ania. Chura amekaa juu ya jani la yungiyungi. Nyoka anapita kwenye majani. Wala si ajabu kumkuta nyoka katika kitabu cha wadudu, kwa kuwa herufi zinazoandika ‘nyoka’ na ‘chura’ zimebeba ndani yake alama ya mdudu. Mwalimu wa Utamaro, Toriyama Sekien, aliandika neno la mwisho la kitabu hicho na kumkumbuka mwanafunzi wake alipokuwa mtoto, jinsi alivyokuwa akimfunga kereng'ende kwa uzi au kumshika nyenje kiganjani ili amchunguze. Wachambuzi wengi huitaja kumbukumbu hiyo ili kuusifu uhalisi wa Utamaro. Sifa hiyo ni ya haki, lakini ni nusu ya ukweli. Mtoto aliyemfunga kereng'ende kwa uzi alikuja kumfunga kwa ubeti.

Katika kitabu cha ndege, picha moja inawaweka pamoja mimizuku na uso. Msomaji wa Kiswahili aweke kando maana anazozijua. Mimizuku ni bundi mwenye vishungi vinavyofanana na masikio, na mimi kwa Kijapani ni sikio. Uso ni ndege mdogo mwenye koo la rangi ya waridi, na neno hilohilo lina maana ya uongo. Basi sikio na uongo vimewekwa kwenye picha moja, katika kitabu cha mashairi ya mapenzi! Asiyejua Kijapani huwaona ndege wawili waliochorwa kwa ustadi. Anayekijua huanza kucheka kabla hajafika kwenye ubeti. Mchezo huu wa maneno haukuwa wa Utamaro peke yake. Katika hekalu la Tenjin la Kameido, mjini Tokyo, waumini hubadilishana vinyago vya mbao vya ndege uso kila tarehe 24 na 25 Januari, ili uongo wa mwaka uliopita ugeuke kuwa kweli. Hokusai naye, takriban mwaka 1834, alimchora uso akiwa kichwa chini juu ya tawi la mcheri unaoning'inia, mbele ya anga ya samawati iliyokolea, na kuna shairi juu ya karatasi hiyo.

Hiroshige: Karatasi ya Shairi Iliyogeuzwa Picha

Utagawa Hiroshige, aliyezaliwa mwaka 1797 katika familia ya wazimamoto wa ngome ya Edo, alichora chapa za ndege na mimea kwa mamia, nyingi na bora zaidi zikiwa za miaka ya 1830. Huko nyuma jozi hizi ziliishi zaidi katika vitabu vya wachache na katika picha za kuning'iniza. Kwake zilikuja kuwa karatasi mojamoja za kuuzwa madukani. Zilinufaika pia na rangi mpya, samawati iliyobuniwa Ujerumani ambayo Wajapani waliiita bero-ai, yaani samawati ya Berlin, iliyoenea katika chapa za Edo kuanzia takriban mwaka 1830.

Umbo la chapa hizo ndilo ushahidi mzito kuliko wote wa hoja ya makala haya. Nyingi ni ndefu na nyembamba, za sentimita 38 hivi kwa 17 au pungufu. Umbo hilo huitwa tanzaku, na tanzaku kwa asili ni ukanda wa karatasi ambao mshairi huandikia shairi lake. Maana yake ni kwamba Hiroshige hakuchukua karatasi ya mchoraji na kumkaribisha mshairi. Alichukua karatasi ya mshairi na kumkaribisha ndege. Mashairi yaliyomo ni ya aina mbalimbali, kuanzia haiku zenye mizani tano, saba na tano, hadi beti za Kichina. Mengine ni ya zamani, mengine ni ya watunzi wa wakati wake.

Katika chapa yake maarufu ya bata bukini na mwezi, ambayo Japani iliiweka kwenye stempu ya posta mwaka 1949, ndege watatu wanashuka mbele ya mwezi mpevu uliojaa karibu upana wote wa karatasi. Hakuna ardhi wala maji. Hakuna hata tete moja ambalo kaida ingelidai. Haiku iliyoandikwa humo ina swali ndani yake, swali kuhusu kurudi au kutorudi kwa usiku mzuri kama ule. Sasa msomaji aipime picha kwa swali hilo. Bata bukini ni ndege wanaokuja kutoka kaskazini kila mapukutiko na kuondoka kila machipuko. Hakuna kiumbe anayeaminika zaidi kwa kurudi. Mwezi nao hujaa kila baada ya siku ishirini na tisa na nusu hivi. Picha imejaa vitu vinavyorudi, na shairi linatilia shaka kurudi. Kinachobaki bila hakika ni mtu mmoja tu ambaye hakuchorwa, yaani mtazamaji. Maana hiyo haimo katika picha peke yake na haimo katika shairi peke yake. Imo kati yao. Mtu anayeyafuta maandishi ili picha itoshe kwenye kadi ya salamu hajapunguza pambo. Amekata nusu ya kazi.

Inadaiwa mara kwa mara kwamba chapa za ndege zilistawi kwa sababu serikali ilipiga marufuku mada nyingine. Ni kweli kwamba kuanzia mwaka 1790 kila chapa ilitakiwa kupata mhuri wa wakaguzi. Ni kweli pia kwamba Utamaro alifungwa pingu kwa siku 50 mwaka 1804 kwa sababu ya picha zilizomhusu mtawala Hideyoshi, na kwamba amri ya mwaka 1842 ilizuia picha za waigizaji na makahaba. Ndege, bila shaka, hakumtia mtu pingu. Hata hivyo, dai hilo linagongana na tarehe. Kazi nyingi bora za Hiroshige za ndege zilikuwa sokoni kabla ya amri ya mwaka 1842. Watu walizinunua kwa kuwa walizitaka.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwa Hokusai. Mfululizo wake wa maua makubwa wa miaka ya 1830 hauna shairi lolote, na hakuna anayeweza kusema kwamba umepungukiwa. Peoni zinapigwa na upepo hadi petali zinageuka, kipepeo anapeperushwa juu yake. Popi zimeinamishwa zote upande mmoja. Chura mdogo wa kijani amejificha kwenye majani ya asagao, mmea wa jamii moja na kiazi kitamu, hivi kwamba jicho humtafuta kwa muda. Je, hizi si kacho-ga bila ubeti? Ndizo. Lakini mnunuzi wa Edo aliyezitazama alikuwa na beti kichwani. Asagao huchanua alfajiri na kunyauka kabla jua halijawa kali, na ushairi wa Kijapani ulikuwa umeutumia ufupi huo kwa karne nyingi. Hokusai aliliacha shairi nje ya karatasi kwa sababu alijua lingeletwa na msomaji. Hilo liliwezekana maadamu msomaji huyo alikuwapo.

Ndege Wasio na Maneno

Baada ya mwaka 1868, Japani ilipofungua milango yake, wanunuzi walibadilika. Ohara Koson, aliyezaliwa Kanazawa mwaka 1877 na kufariki mwaka 1945, ndiye bingwa wa kacho-ga wa karne ya 20. Kuanzia mwaka 1926, akitumia jina Shoson, alifanya kazi na Watanabe Shozaburo, mchapishaji aliyeongoza harakati ya ‘chapa mpya’, shin-hanga. Kazi zake ziliuzwa kwa wingi Marekani na Ulaya. Ufundi wake hauna doa. Kunguru wake juu ya tawi lenye theluji ana uzito. Yange wake katika mvua wanalowa kweli. Jozi za zamani pia zingalipo. Lakini juu ya karatasi kuna sahihi na mhuri tu. Ubeti haupo.

Si haki kumlaumu Koson. Mnunuzi wa Boston au Amsterdam hangelisoma shairi, hivyo kulichonga kungekuwa gharama bure. Isitoshe, msomaji wa nyumbani naye alikuwa akipotea. Mwaka 1900 serikali ya Japani ilisanifisha herufi za kana zinazofundishwa katika shule za msingi, herufi moja kwa kila sauti, na maumbo mengine yaliyotumika kwa karne nyingi yakaachwa. Vizazi vilivyofuata havikuweza kuusoma mwandiko wa brashi wa Utamaro na Hiroshige. Mjapani wa kawaida wa leo anaposimama mbele ya chapa ya bata bukini huyaona maandishi kama anavyoyaona mgeni: mistari mizuri. Wanafunzi wa Kiswahili wanaosoma tenzi za kale katika hati za Kilatini pekee, huku miswada yake ikiwa katika hati za Kiarabu, wanaielewa hasara hiyo bila kuelezwa.

Wakati huohuo chapa zilikuwa zikikusanywa ng'ambo. Mwaka 1934 Abby Aldrich Rockefeller alikitolea chuo cha sanaa cha Rhode Island, Marekani, chapa za ndege na mimea zaidi ya 700. Mwaka 2001 jumba la Rijksmuseum la Amsterdam liliandaa maonyesho ya kazi za Koson. Jitihada hizo zimezihifadhi chapa, na zinastahili shukrani. Ila chapa nyingi za aina hii hazikuwa na anwani zilizochapwa juu yake, na vichwa vinavyosomwa leo kwenye kuta na katika katalogi, kama vile ‘Shomoro na mwanzi’ au ‘Mdiria na irisi’, vilibuniwa na wakusanyaji. Ni vichwa vya mtu anayeorodhesha vitu anavyoviona. Kwa kiasi kikubwa, sifa ya utanzu huu kuwa pambo imetokana na vichwa hivyo.

Hapa kanga inaweza kusaidia, wala si kwa ulinganishi wa kulazimisha. Katikati ya karne ya 20, viwanda vya Japani vilichapa kanga kwa wingi kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki, maneno ya Kiswahili yakiwa chini ya picha, yakachapwa na mafundi ambao wengi wao hawakuweza kuyasoma. Mnunuzi wa Mombasa aliyasoma. Aliijua picha, akalijua jina, akajua pia jirani yupi angeliona jina hilo likipita barazani. Kanga hiyohiyo ikitundikwa ukutani katika jumba la makumbusho la mbali, chini ya kichwa ‘Kitambaa chenye mikorosho’, haijapoteza uzi hata mmoja, lakini haisemi na mtu.

Tangu mwaka 2021 kumekuwa na programu ya simu iitwayo miwo, iliyotolewa na watafiti wa Kijapani, ambayo hupiga picha ya mwandiko wa kale na kuzionyesha herufi zake kwa maandishi ya sasa. Kwa mara ya kwanza katika zaidi ya miaka mia moja, mtu asiye mtaalamu anaweza kusimama mbele ya chapa ya Hiroshige na kujua ni neno gani limeandikwa kando ya tawi. Herufi zikishapatikana, kazi iliyobaki ni ya saijiki, kamusi ya maneno ya majira ambayo watunzi wa haiku huitumia hadi leo. Humo bata bukini anapatikana mahali pawili. Anayewasili ameorodheshwa chini ya mapukutiko. Anayeondoka ameorodheshwa chini ya machipuko, kwa jina jingine.